Wanafunzi Wanaweza Kuboresha Chakula cha Shule



Mwanafunzi akisema "Maharage tena!" wengi humwona hana shukrani. Lakini chakula kilichoachwa kwenye sahani hakimjengi mtu, hata kama kina virutubisho vyote. Katika somo hili tutajifunza jinsi wanafunzi wa sekondari wanavyoweza kuboresha chakula cha shule bila kugombana na mpishi, wala kudai kisichokuwepo ghalani.

MFANO KUTOKA CHICAGO

Mwaka 2007, katika mji wa Chicago nchini Marekani, shirika liitwalo Healthy Schools Campaign lilianzisha mashindano ya upishi kwa wanafunzi wa sekondari, yaliyoitwa Cooking up Change. Huenda ukauliza: Marekani ni nchi tajiri, yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu wanafunzi wale hawakupika walichotaka. Walipewa masharti:

1. Mlo utimize kanuni za lishe za shule.
2. Gharama ya vitu vya kupikia iwe dola moja hivi kwa kila mlo.
3. Vitu viwe vile vinavyopatikana jikoni mwa shule, na upishi uwe rahisi ili wapishi waweze kuurudia.

Juu ya hayo, chakula kiwe kitamu. Mlo ulioshinda uliandaliwa katika shule za mji huo, na baadaye miji mingine ilijiunga. Mwanafunzi aliyepewa masharti kama hayo analazimika kufikiri kama mpishi, si kama mlalamikaji.

MASHARTI YETU KAMBINI

Hapa masharti yetu ni mgao, kuni, maji, na mpishi mwenye sahani nyingi za kujaza. Hata hivyo, yapo mambo yanayowezekana:

- Maharage yalowekwe usiku kucha. Huiva upesi na kuni hupungua. Mwaga maji ya kulowekea, weka mengine, kisha yachemke mpaka yaive kabisa. Maharage mekundu yasiyoiva huleta kutapika na kuharisha.

- Mahindi yaliwe pamoja na maharage. Protini ya mahindi peke yake ina upungufu, maharage huujazia.

- Majani yaongezwe. Mchicha na matembele vioshwe kabla ya kukatwa, visipikwe muda mrefu. Sombe ni tofauti: itwangwe na ichemshwe sana, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu.

- Ndimu au nyanya mbichi iliyooshwa iliwe na mlo. Vitamini C husaidia mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwenye maharage na majani. Chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Jambo hili ni muhimu hasa kwa wasichana, ambao hupoteza damu kila mwezi. Mwanafunzi anayechoka ovyo au kuona kizunguzungu aende zahanati akapimwe damu.

- Chumvi yenye madini joto ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, na itiwe chakula kikikaribia kuiva.

HATUA ZA KUFUATA

1. Chagueni kikundi kidogo, wavulana na wasichana kwa idadi sawa.

2. Kwa wiki moja, angalieni sahani. Nini kinabaki? Kwa nini? Maharage ni magumu? Ugali umeungua? Au kengele inalia kabla foleni haijaisha?

3. Nendeni kwa mpishi kwanza, kabla ya mwalimu mkuu. Mpishi akisikia malalamiko kutoka kwa mkubwa wake, atajiona ameshitakiwa. Afadhali mseme: "Mama, tumekuja kukusaidia kuloweka maharage ya kesho." Yeye anajua sufuria ile kuliko nyinyi.

4. Jaribuni badiliko moja tu kwa wakati mmoja. Hesabuni sahani zilizobaki na chakula kabla ya badiliko na baada yake.

5. Pelekeni hesabu hiyo kwa kamati ya shule, pamoja na mpishi.

TAHADHARI

Kila anayegusa chakula anawe mikono kwa sabuni. Anayeharisha asiingie jikoni. Kazi ifanyike nje ya masaa ya masomo, na isiwaangukie wasichana peke yao. Msichana anayechota maji wakati wenzake wako darasani amepoteza zaidi ya alichokula.

Tena tuseme ukweli: mgao ukipunguzwa, kuloweka maharage hakuongezi maharage. Hilo si kosa la mpishi wala la wanafunzi, na halitatuliwi jikoni. Hapo andikeni mliyoyaona: siku ngapi chakula hakikutosha, na wanafunzi wangapi waliondoka bila kula. Kamati iyafikishe kwa wanaohusika na chakula. Mwanafunzi anayekonda apelekwe zahanati bila kungoja jibu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika shule yetu, chakula gani hubaki kwenye sahani, na sababu ni nini?
2. Badiliko gani tunaweza kulianza wiki hii bila fedha?
3. Nani hufanya kazi ya jikoni, na tutagawanaje kazi hiyo kwa haki?

Ukimaliza kusoma, msomee na jirani asiyejua kusoma. Huenda ndiye anayepika.