AFYA NA USALAMA: Chukudu, freni na mteremko wa Kibati

Wandugu wafanyakazi, na ninyi mama na watoto wa kambi, mwezi huu somo letu halitoki ndani ya shimo. Linatoka barabarani, mahali ambapo vijana wetu, na baba zao pia, wanapitisha saa za mapumziko wakichonga magurudumu, wakigonga misumari na kushindana na rafiki zao nani atafika chini wa kwanza. Tunataka kusema juu ya chukudu.

Nani asiyeijua katika Kivu ya Kaskazini? Ni baiskeli ya mti isiyo na pedali wala mnyororo: magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu, usukani wa mti, na ubao mrefu wa kuwekea mzigo. Mwendeshaji anatia goti moja juu ya ubao na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili. Makala, viazi, kabichi na mbao vinashuka Goma juu yake, na mwaka 2009 mji wa Goma uliisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu. Ni heshima iliyostahili. Sisi hatuandiki ili kumkataza mtu chukudu yake. Tunaandika kwa sababu mtu anaweza kuchonga chukudu nzuri, yenye usukani wa kupendeza na jina lililoandikwa kwa rangi, halafu akakumbuka freni siku ya mwisho.

Tutazame kwanza mahali petu. Maji ya ziwa Kivu yako karibu mita 1,460 juu ya bahari. Kibati, pale njia ya kupanda Nyiragongo inapoanzia, ni karibu mita 1,900. Kwa hiyo anayeteremka kutoka hapa mpaka ziwani anapoteza kimo cha zaidi ya mita 400. Kuna watu wanaoamini kwamba chukudu yenye mzigo mzito inakimbia kupita ile tupu kwa sababu ya uzito. Si hivyo hasa. Uzito haubadilishi sana mwendo wa kushuka. Kimo ndicho kinachotoa mwendo. Kitu kinachoteremka kimo cha mita 5 tu, kama hakuna kinachokikwamisha, kinafika mwendo wa kilometa 36 kwa saa, kiwe na kilo 50 au 300. Magurudumu ya mti yanakwama kidogo, kwa hiyo chukudu haifiki hapo upesi hivyo, lakini umeelewa jambo.

Mahali uzito unapoonyesha ukali wake ni wakati wa kusimama. Chukudu yenye kilo 300, mzigo na mtu pamoja, ikiwa juu ya mteremko unaoshuka mita 1 katika kila mita 10, inavutwa kwenda chini kwa nguvu sawa na kilo 30. Freni inapaswa kwanza kuushinda mvuto huo, ndipo ianze kupunguza mwendo. Na mwendo ukiwa mara mbili, njia ya kusimamia inakuwa mara nne. Wewe unayesukuma wagoneti kazini unajua jambo hili mwilini mwako hata kama hukulisoma shuleni. Hakuna kapita atakayekuruhusu kuteremsha wagoneti isiyo na freni. Basi kwa nini umruhusu mtoto wako?

Freni ya chukudu ni kipande cha mpira wa tairi kilichopigiliwa nyuma ya ubao, kikining'inia juu ya gurudumu la nyuma. Unakikanyaga, nacho kinabana gurudumu. Ni kitu rahisi na kinafaa, iwapo kimetengenezwa vizuri. Chagua mpira mnene ambao bado una meno, si ule uliolainika kama ngozi ya ngoma. Usiupigilie msumari mmoja katikati, maana utazunguka. Weka misumari mitatu au minne kwa mstari, na chini ya vichwa vyake kipande cha bati ili visipasue mpira. Uwe mpana kuliko gurudumu. Kisha kumbuka kwamba mpira unaosuguliwa muda mrefu unapata moto na kuteleza, na siku ya mvua unateleza tangu mwanzo. Kwa hiyo usiukanyage mfululizo toka juu hadi chini. Kanyaga kwa nguvu, punguza mwendo, achia upoe, kanyaga tena.

Wako wanaosema, "Mimi freni yangu ni kandambili." Wanashusha mguu na kuburuta unyayo. Juu ya vumbi laini, bila mzigo, wanaweza kupona. Lakini barabara zetu ni za mawe ya volkeno. Lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji wa Goma, na ile ya Mei 2021 iliikata barabara ya Goma na Rutshuru. Jiwe hilo lina ncha kama chupa iliyovunjika: linakula kandambili, halafu linakula kidole.

Jaribio la freni ni hili, nalo halihitaji pesa. Pakia mzigo wote unaotaka kubeba. Ipeleke chukudu mwanzoni mwa mteremko ulio mkali kuliko yote utakayopita, rafiki wawili wakiwa wameishika kwa kamba upande wa juu. Kanyaga freni kwa mguu mmoja, kisha waambie walegeze kamba polepole. Ikisimama palepale, vizuri. Ikianza kutambaa, mzigo umeishinda freni. Punguza magunia au tengeneza freni upya. Isiyoweza kusimama ikiwa imesimama haitasimama ikiwa inakimbia. Hapo ndipo faida ya kutengeneza chukudu kwa kikundi inapoonekana: mtu peke yake hawezi kufanya jaribio hili bila hatari, na mwenzako ataona ufa ambao wewe, kwa kuipenda kazi yako, huuoni.

Juu ya ufa, neno moja kwa mafundi. Mikaratusi ni mti wenye nguvu, lakini ukikauka haraka unapasuka. Gurudumu lililochongwa juzi katika mti mbichi linaweza kupendeza leo na kufunguka baada ya majuma machache, ukiwa katikati ya njia. Acha mti ukauke kivulini, taratibu. Kabla ya kila safari gonga magurudumu kwa nyundo ndogo: mti mzima unalia, uliopasuka unatoa sauti ya mtungi wenye ufa.

Kwa wanaoshindana: shindaneni bila mzigo, mchana, mahali pasipopita malori, na mwenye kutangulia awe ameondoka kabisa kabla wa pili hajaachiwa. Mahali penye mteremko mkali sana shuka, tembea ukiwa nyuma ya chukudu, na mwenzako ashike kamba. Usisimame mbele yake hata dakika moja. Tena, msiwaazime watoto kofia ngumu za kazini mkidhani mmewalinda. Kofia ile ilitengenezwa kwa jiwe linaloanguka toka juu. Mtu akianguka ubavu, inaruka kichwani kabla ya kichwa kufika chini. Kofia ya pikipiki iliyofungwa kidevuni ni bora mara nyingi.

Na ajali ikitokea? Aliyegonga kichwa na kuamka akicheka bado si mzima. Mtazameni usiku ule na kesho yake. Akitapika, akizidi kuumwa kichwa, akisinzia kupita kawaida, akisema maneno yasiyoeleweka, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, mleteni mara moja, hata saa nane za usiku. Mfupa uliovunjika usiuvute kuunyoosha. Weka vijiti viwili vilivyofungwa kwa kitambaa kando ya mguu, funga juu na chini ya mahali palipovunjika, halafu mbebeni.

Kidonda kinachotoka damu nyingi kibanwe kwa kitambaa safi bila kufunua funua. Damu ikikoma, kioshwe kwa maji safi mengi na sabuni mpaka mchanga mweusi wote utoke. Majivu, kahawa na dawa ya meno havina kazi hapo. Kidonda kirefu kilichoingia udongo lazima kionwe dispensari hata kama hakiumi, kwa sababu ya pepopunda. Ugonjwa huo kwa kawaida unakuja baada ya siku 3 hadi 21, kidonda kimeshasahaulika, na unaanza kwa taya kukaza. Kuuzuia kwa sindano ni rahisi. Kuutibu ni vigumu sana. Mama, tafuta kadi za chanjo za nyumbani leo, usingoje ajali.

Limebaki goti. Wachimbaji wanaofanya kazi wamepiga magoti wanaujua uvimbe laini, kama yai, unaotokea mbele ya pia ya goti. Waendesha chukudu wanaweza kuupata vilevile, katika goti lile linalokaa juu ya ubao. Mbele ya pia kuna kifuko kidogo chenye ute, na kikisuguliwa kila siku kinajaa maji. Pigilia kipande kinene cha kandambili kuukuu au godoro mahali goti linapokaa, badilisha mguu njiani, na uvimbe ukianza, pumzika siku kadhaa. Usikubali mtu autoboe kwa sindano nyumbani. Goti likiwa jekundu na la moto, na homa ikafuata, kifuko kimeingiwa na usaha: njoo dispensari siku hiyohiyo, na uje umebebwa na mwenzako, si kwa kusukuma chukudu mwenyewe.