Penye Majani Hapana Maji
Somo la Juma: Jangwa la Chalbi na Wenyeji Wake

Jangwa likitajwa, wengi wetu huwaza bahari ya mchanga isiyo na mti wala mtu. Twaliita nchi tupu, kana kwamba ilisahauliwa siku ya kuumbwa. Juma hili tulitazame jangwa moja lililo karibu nasi, Chalbi, kaskazini mwa Kenya, tupate kujua kama jina hilo ni la haki.

Chalbi ipo katika nchi ya Marsabit, mashariki ya ziwa Turkana. Sehemu yake kubwa si mchanga, bali ni uwanda wa udongo mkavu, tambarare kama sakafu, wenye ganda jeupe la chumvi. Zamani za kale, mvua zilipokuwa nyingi kuliko sasa, uwanda huo ulikuwa ziwa. Hata leo mvua kubwa ikinyesha, maji hutanda juu yake; kisha jua huyakausha, chumvi ikabaki. Pembezoni mwake zipo chemchemi, kama zile za Kalacha, Maikona na North Horr, na mikoma yaota karibu nazo. Upande wa kaskazini vyainuka vilima vya Huri. Huko, mvua zikiisha kunyesha, nyasi ni nyingi. Lakini hakuna mto wala chemchemi ya kudumu.

Hili ndilo fumbo la nchi hiyo: penye majani hapana maji, na penye maji majani ni haba. Jangwa halikunyimwa kila kitu. Ila vile lilivyopewa vimetengana. Atakaye kuishi huko sharti ajue kuviunganisha.

Wagabra wameijua kazi hiyo tangu zamani. Hao ni wafugaji, nao husema lugha ya jamii ya Kioromo. Mshirika wao mkuu ni ngamia. Watu hudhani kuwa nundu yake imejaa maji. Sivyo, ni mafuta, akiba ya siku za njaa. Siri yake ni nyingine. Mchana huuacha mwili wake upate joto, na usiku huupoza; kwa hiyo hatoki jasho jingi. Mbuzi huhitaji maji baada ya siku chache, lakini ngamia aweza kukaa juma moja au zaidi bila kunywa. Akifika kisimani, aweza kunywa lita 100 kwa muda wa dakika kumi hivi. Basi yeye ndiye daraja kati ya majani ya mbali na maji ya karibu.

Watu nao huishi kwa kufuata mwendo huo. Nyumba ni kazi na mali ya wanawake: fito zilizopindwa, mikeka na ngozi. Malisho yakiisha, nyumba hufunguliwa, hupakiwa juu ya ngamia, na jioni husimama mahali pengine. Vijana huenda mbali na wanyama wasio na maziwa. Wazee, akina mama na watoto hubaki na wale wa kukamwa. Huku si kutangatanga ovyo, bali ni kulima kwa miguu: kila malisho hupewa muda wa kupumzika.

Lipo daraja la pili, nalo ni desturi ya dabare. Mwenye ngamia wengi humkabidhi mwenzake aliyepungukiwa ngamia jike. Aliyepewa humtunza na kunywa maziwa yake pamoja na watoto wake; ngamia mwenyewe hubaki mali ya mwenye kumtoa. Desturi hii ni huruma, tena ni busara. Maana ugonjwa au wanyang'anyi wakilipata kundi lako, ngamia zako walioko kwa wengine huenda wakasalimika. Aliyejaza zizi lake peke yake aweza kuwa maskini kwa usiku mmoja.

Sasa tujihadhari, hata tunapotaka kusaidia. Mtu mwema huona kiu, mara hutaka kuchimba kisima. Kisima ni kitu chema. Lakini kikichimbwa bila kuwauliza wenyeji, makundi yote huja na kukaa hapo, ardhi ikabaki wazi. Mwaka 1976 UNESCO ilianza uchunguzi mrefu katika nchi ya Marsabit. Wataalamu waliona kuwa ardhi iliyochakaa zaidi ni ile iliyozunguka vijiji na visima, na huku malisho mengine mazuri yalikaa bure kwa hofu ya mashambulio. Kumbe jangwa lahitaji amani na njia zilizo wazi, kama lihitajivyo maji.

Hata hivyo busara ya wazee ina mpaka wake. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa, mmoja baada ya mwingine. Mifugo ilikufa kwa wingi, na ngamia pia. Dabare huokoa pale jirani mmoja anapobakiwa na kitu; je, wakipungukiwa wote, nani atatoa? Hapo ndipo zamu yetu sisi wa nchi za mvua. Wagabra hawangoji mwenzao afe njaa ndipo wamhurumie. Humpa mnyama wa maziwa angali na nguvu za kumchunga. Msaada wetu nao ufike mapema, tena umwezeshe mtu kusimama.

Basi jangwa si nchi tupu. Ni nchi isiyomvumilia mtu anayeishi kwa ajili ya nafsi yake tu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Kwa nini Mgabra hawezi kukaa mahali pamoja mwaka mzima?
2. Katika kijiji au mtaa wetu, ni desturi gani ifananayo na dabare? Je, yaendelea au yafifia?
3. Jamaa yetu yaweza kumkabidhi nini jirani aliyepungukiwa, ili apate kujitegemea tena?