TABIA ZA KUKU NA DHAMANA YA MFUGAJI





Katika somo la mwaka huu nimechagua jambo lililo uani kwa wengi wetu, nalo ni kuku. Mtoto akiulizwa kuku wana tofauti gani, atataja rangi, ukubwa na mayai. Ni wachache watakaotaja tabia. Na mfugaji asiyejua tabia za kuku wake anaweza kuwadhulumu bila kukusudia. Mimi mwenyewe yamenipata, na nitaeleza mbele.

1. KWA NINI TABIA ZINATOFAUTIANA?

Kuku wote wa kufugwa asili yao ni ndege wa porini wa Asia ya Kusini na Mashariki. Binadamu waliwafuga, kisha kila jamii ikawa inachagua wa kuzalisha. Waliotaka kuku wa mapigano walizalisha kutoka kwa majogoo wakali. Waliotaka mayai walichagua matetea wanaotaga sana na kuwaacha wale wanaokaa wiki tatu juu ya mayai. Waliotaka nyama walichagua wazito na wapole. Baada ya vizazi vingi, tabia ikawa inarithiwa pamoja na umbo.

Hata hivyo, malezi nayo yana sehemu yake. Kifaranga anayeshikwa kwa upole na kulishwa mkononi huwa hamwogopi mtu. Anayekimbizwa na kurushiwa mawe hukua na woga. Kwa hiyo haya yafuatayo ni tabia za wengi katika kila aina, si za kila kuku mmoja mmoja.

2. AINA CHACHE NA TABIA ZAKE

(a) Kuchi. Ni mrefu, shingo ndefu, kifua mbele, na hutembea amejinyoosha. Anafanana na kuku wa mapigano wa Asia. Hupatikana Tanzania na pwani ya Kenya, hasa Lamu. Jogoo wake ni jasiri na hakubali mwenzake katika eneo lake. Majogoo wawili wa kuchi katika banda moja wanaweza kuumizana mpaka mmoja afe. Tetea wake pia huwa mbabe mbele ya chakula.

(b) Kuku wa kienyeji wa kawaida. Huyu ni mwerevu, yuko macho, na si rahisi kumkamata mchana. Akiona kivuli cha mwewe huita vifaranga wajifiche. Akiwa na vifaranga hata paka humwogopa. Akiatamia usimsumbue.

(c) Leghorn, kuku mweupe wa mayai. Jina lake linatokana na bandari ya Livorno, Italia. Hutaga mayai meupe kwa wingi na ni nadra kuatamia. Ni mwepesi wa kushtuka. Mlango ukigongwa kwa nguvu banda zima huruka. Yeye anahitaji mtu anayeingia taratibu.

(d) Rhode Island Red. Ni mwekundu wa kahawia, asili yake Marekani. Ni mchangamfu, mgumu, hutangulia kwenye chakula. Matetea huzoeana na watu, ila baadhi ya majogoo wake huwarukia watoto.

(e) Australorp mweusi. Wengi huku humwita kuku wa Malawi, lakini asili yake ni Australia. Anasifika kwa kutaga sana. Ni mpole na mzito. Akisukumwa huondoka, akidonolewa hukaa pembeni. Upole huu ndio sifa yake, na ndio unaomponza akichanganywa na wababe.

(f) Kuku wa nyama wa kisasa. Hukua haraka sana, mwili wake mzito, muda mwingi hukaa chini. Usimchanganye na kuku wepesi wa uani. Hatafika kwenye chakula.

3. NGAZI YA KUDONOANA

Kuna bwana mmoja wa Norwei, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyependa kuwaangalia kuku tangu akiwa mtoto na kuandika aliyoyaona. Mwaka 1921 akaeleza katika utafiti wake kwamba kuku wa kundi moja hupangana kwa daraja. Wa juu humdonoa yeyote, wa pili huwadonoa wote isipokuwa wa kwanza, na hivyo hivyo mpaka wa chini ambaye hudonolewa na wote.

Daraja likishatulia, ugomvi hupungua kwa kuwa kila mmoja anajua nafasi yake. Ukiongeza kuku mgeni au ukimwondoa mmoja, mpango huvurugika na hupangwa upya kwa midomo na kucha. Na pale aina za wababe na wapole zinapokaa pamoja, mara nyingi wa chini huwa ni wale wapole.

4. KISA CHA KUKU MWEUSI

Mwaka 2022 nilikuwa na kuku kumi uani: matetea manne wa kienyeji, wawili weupe, watatu weusi wa Malawi, na jogoo wa kuchi. Chombo cha chakula kilikuwa kimoja, kimewekwa kwenye kona. Kila asubuhi nilikijaza pumba na dagaa, nikaona nimetimiza wajibu.

Siku moja mwanafunzi mdogo aliyekuwa akinisaidia kuokota mayai akaniambia, “Ustadhi, yule mweusi hali.” Nikamjibu, “Ameshiba. Huoni chombo kina chakula?” Akanyamaza kwa adabu.

Baada ya siku chache tulimkuta amekufa chini ya fito. Nilipomnyanyua alikuwa mwepesi kama kapu tupu, na mfupa wa kidari umechongoka. Utosini alikuwa na vidonda vya kudonolewa. Alikufa kwa njaa hatua tano kutoka kwenye chakula. Mimi nilikuwa nimetazama chombo, mtoto alikuwa amemtazama kuku.

Nilimwomba radhi mwanafunzi yule mbele ya wenzake, kwa sababu alisema kweli nami nikamnyamazisha.

5. TUFANYE NINI?

- Weka vyombo vya chakula na maji viwili au zaidi, mbali mbali, si kwenye kona ambayo mbabe mmoja anaweza kuilinda.
- Usiingize kuku mgeni peke yake. Waingize wawili au zaidi, na kwanza watenganishe kwa wavu kwa wiki moja ili waonane bila kugusana.
- Weka ubao wa kuegemea ukutani, tenga au fito za juu, ili anayefukuzwa apate pa kujificha.
- Kuchi wapewe sehemu yao.
- Mwenye jeraha linalotoka damu mtoe mara moja, kwani wenzake huvutiwa na damu na huendelea kudonoa.
- Kila jioni wakipanda kulala, papasa gole la kila mmoja. Likiwa tupu, huyo hakula.

6. UPANDE WA DINI

Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Tukimfungia kuku bandani, riziki yake imekuwa mikononi mwetu. Haitoshi chakula kuwepo. Ni lazima kimfikie. Pia imepokewa na Abu Dawud na Tirmidhi kuwa Mtume (S.A.W.) alikataza kuwachochea wanyama wapigane. Basi vijana wanaowapambanisha kuchi vichochoroni waache. Ukali wa kuchi ni maumbile yake, lakini kumchochea apigane ni kosa letu.

HITIMISHO

Kuku mkali si mbaya na kuku mpole si mgonjwa. Kila mmoja ana maumbile yake na haki yake. Nanyi wazazi, mtoto akikwambieni jambo aliloliona bandani, nendeni mkaangalie kabla ya kumjibu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja sababu mbili zinazofanya tabia za kuku zitofautiane.
2. Kwa nini ugomvi huongezeka kuku mgeni akiingia?
3. Mwandishi alikosea wapi katika kisa cha kuku mweusi?
4. Kaa uani kwenu kwa nusu saa wakati wa kuwalisha. Andika nani anakula mwanzo na nani anakula mwisho, kisha umweleze mzazi wako.