Goti Liumalo na Matunzo Yake

Wasomaji wetu, leo twapenda kusema habari ya goti. Kiungo hiki mtu hakikumbuki mpaka siku kimwumapo, ndipo aonapo jinsi kazi zake zote zilivyokitegemea: kupanda ngazi, kuchuchumaa, kushuka garini, hata kuinuka kitini. Tena wagonjwa wa goti si wazee tu. Wako watu wazima wenye nguvu, wapendao kutembea na kukimbia, na hao ndio tunaotaka kusema nao hasa, kwa kuwa aghalabu huongeza maradhi yao wenyewe pasipo kujua.

Tuchukue mfano. Tuseme pana mwalimu mwenye umri wa miaka 40, akaaye Mbezi Beach katika wilaya ya Kinondoni. Kila alfajiri hukimbia na wenzake kando ya barabara ya Bagamoyo, na Jumamosi hushuka ufuoni akakimbia mchangani. Goti lake la kulia laanza kuuma upande wa mbele, hasa ashukapo ngazi za shule, au ainukapo baada ya kuketi kitambo. Mbele yake pana njia mbili zipendwazo na wengi. Ya kwanza ni kumeza vidonge na kuendelea kukimbia kama kwamba hapana neno. Ya pili ni kuacha kila kitu, akaulaza mguu juu ya mto majuma sita, akingoja maumivu yaishe. Njia zote mbili zina hasara, na sababu yake twaieleza hapa chini.

GOTI LILIVYOUMBWA

Goti ni mahali pakutanapo mfupa wa paja na mfupa wa muundi, na mbele yake pana mfupa mdogo uitwao pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa kwa gegedu, kitu cheupe chenye utelezi, ili zisisagane. Gegedu hilo halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka katika ute ulio ndani ya kiungo, nao huingia na kutoka kadiri goti linavyokandamizwa na kuachiliwa, mfano wa sifongo ndani ya maji. Basi goti lisilotumiwa hupungukiwa na chakula chake.

Tena goti halifanyi kazi peke yake. Hushikwa na kano, na huendeshwa na misuli ya paja na ya nyonga. Misuli hiyo ni kama wapagazi: ikiwa na nguvu, huchukua sehemu kubwa ya mzigo, ikilegea, kiungo ndicho kipatacho taabu. Nayo hulegea upesi. Mtu akilala juma moja au mawili bila kusimama, paja lake huanza kupungua.

Kwa hiyo jambo la kushika ni hili. Mara nyingi goti la mtu mzima asiyeanguka wala kugongwa huuma kwa kuwa mzigo umezidi nguvu. Apumzikaye mno huondoa mzigo, lakini nguvu nayo huondoka. Siku arudipo njiani, mwendo ule ule wa zamani humshinda kuliko kwanza. Naye amezaye vidonge na kukimbia huacha mzigo vile vile, akamnyamazisha mlinzi apigaye kelele. Njia iliyo bora ni kupunguza mzigo kwa kitambo, kisha kuongeza nguvu kidogo kidogo mpaka iushinde mzigo. Wazee walisema, dawa ya moto ni moto. Na dawa ya goti lililochoshwa na kazi ni kazi, ila iwe kwa kipimo.

KUPUNGUZA MZIGO

Mwalimu wetu asiache kutembea. Aache kwanza kuruka, kukimbia kwa kasi, na kushuka miteremko kama ile ya upande wa Goba, maana kushuka hulemea goti kuliko kwenda sawa. Akitaka kutembea pwani, angoje maji yakupwe, apite juu ya mchanga mbichi ulio mgumu. Mchanga mkavu wa juu ni laini na hudidimia, na ufuo wenyewe una mwinamo, hata mguu mmoja hukanyaga chini kuliko mwenziwe. Basi na arudi kwa njia ile ile aliyoendea, ili miguu ibadilishane.

Afuaye nguo au kupika akiwa amechuchumaa, na aketi juu ya kigoda. Mwenye kusali asione haya kutumia kiti mpaka apone. Na mtu mzito ajitahidi kupunguza unene, maana imeonekana kwa wazee wanene wenye maradhi ya goti kwamba kila kilo moja wapunguzayo huliondolea goti mzigo wa kadiri ya kilo nne katika kila hatua.

KIPIMO CHA MAUMIVU

Watu wengi huogopa kufanya mazoezi wakisema, Nikisikia maumivu, ni alama kwamba naharibu. Si hivyo kila mara. Yafaa mtu awe na kipimo cha kujihukumu. Ahesabu maumivu tangu 0 hata 10: 0 ni kutoumwa kabisa, na 10 ni maumivu makali yasiyovumilika. Wakati wa zoezi, yasizidi 3 au 4. Kesho yake asubuhi, goti liwe kama lilivyokuwa kabla ya zoezi, wala lisivimbe. Ikiwa hivyo, kazi ilikuwa ya kiasi. Maumivu yakizidi, au goti likiamka limevimba, asiache mazoezi yote. Apunguze tu nusu yake, kisha aanze kupanda tena.

MAZOEZI MATATU

Mazoezi haya hayataki chombo cha fedha nyingi. Yafanywe siku tatu katika juma, na kati yake iwepo siku ya kupumzika.

Kwanza, kuinuka kitini. Keti juu ya kiti imara, kunja mikono kifuani, inuka polepole, kisha keti polepole ukihesabu mpaka 3. Fanya mara 10, pumzika, rudia mpaka itimu mikupuo mitatu. Kiti kikiwa kifupi mno kwako, anza na kirefu.

Pili, kupanda kidato. Simama mbele ya kidato kimoja cha ngazi, panda kwa mguu unaouma, shuka taratibu. Goti lielekee vilipo vidole vya mguu, lisiinamie ndani. Hilo nalo mara 10, mikupuo mitatu.

Tatu, kuinua mguu wa ubavuni. Lala kwa ubavu wa mguu mzima, unyoshe mguu unaouma, uuinue juu kidogo, uushushe polepole. Zoezi hili hutia nguvu misuli ya nyonga, ambayo watu wengi huisahau.

Yakiwa mepesi, ongeza uzito: shika mkononi dumu la maji la lita 3, baadaye la lita 5. Haba na haba hujaza kibaba. Usitazamie nafuu kubwa katika siku kumi. Misuli hutaka kadiri ya majuma 12 ipate kukua. Wengi hushindwa hapa, maana huacha katika juma la tatu, wakasema mazoezi hayana faida.

Mwalimu akiweza kutembea upesi kwa dakika 30 pasipo goti kulalamika, ndipo arudi kukimbia: dakika 1 kukimbia na dakika 2 kutembea, mara sita. Kila juma aongeze kidogo, wala asishindane na wenzake waliotangulia.

USHUJAA NA KIPIMO

Twajua baadhi ya wasomaji watatukumbusha habari za John Stephen Akhwari, mwananchi wetu wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico City, alianguka akaumia goti. Akafungwa bandeji, akaendelea akichechemea, akaingia uwanjani wa mwisho katika wale waliomaliza. Sifa yake ni ya haki. Lakini yeye alilivumilia goti kwa ajili ya siku moja kubwa ya nchi yake. Mtu alazimishaye goti lake hivyo kila alfajiri, hana nchi anayoitetea. Nasi tukumbuke pia kwamba mwaka 1970 Akhwari alikwenda Edinburgh katika michezo ya Jumuiya ya Madola, akawa wa tano katika marathoni. Goti lililoumia si goti lililokwisha.

VIDONGE NA KISU

Vidonge kama diklofenaki hupunguza maumivu kwa siku chache, wala hatusemi ni haramu. Ila kuvimeza miezi na miezi kwa kununua dukani pasipo shauri la mganga huweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Na wapo wadhanio kwamba kupasuliwa ndiko kuponea. Mwaka 2002 waganga wa Houston, Marekani, walitangaza habari za wagonjwa 180 ambao magegedu ya magoti yao yalikuwa yamelika. Wengine walioshwa goti au kukwanguliwa ndani, na wengine walichanjwa ngozi tu. Walipochunguzwa kwa miaka miwili, waliopasuliwa kweli hawakuwa na nafuu kupita waliochanjwa ngozi. Upasuaji una mahali pake, lakini si kwa kila goti liumalo.

ALAMA ZA HATARI

Mtu asijitibu nyumbani akiona mambo haya: goti limevimba mara baada ya kuanguka au kupindika, haliwezi kuchukua uzito wa mwili, limekwama, halinyoki wala halikunjiki, au maumivu humwamsha usiku naye akonda bila sababu. Na goti likiwa la moto, limevimba, pamoja na homa, aende hospitali siku ile ile, maana usaha ndani ya kiungo hukiharibu katika siku chache. Aanzie kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona haja, watampeleka mbele, hata Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Na asisahau kuuliza habari za wataalamu wa fiziotherapia, yaani matibabu ya mazoezi.

Basi, viongozi wa mitaa na walimu, twawaomba muwasomee habari hizi wale wasioweza kusoma, hasa mama aliyeacha kwenda sokoni kwa sababu ya goti, na kijana ajisifuye kwamba hukimbia juu ya maumivu. Yule wa kwanza aambiwe ainuke. Yule wa pili aambiwe apunguze. Wote wawili dawa yao ni moja, nayo ni kipimo na subira.