Flashi ikishikwa na kirusi, fomati ingoje

Flashi imetoka kwenye duka la kuchapisha karatasi, unaifungua, na kila folda imegeuka alama yenye mshale mdogo na uzito wa kilobaiti moja au mbili. Kwa mwalimu wa Kitshanga, Kivu Kaskazini, anayebeba pointi za wanafunzi, au kijana mwenye barua ya kuomba kazi, huo ni msiba mdogo. Mtandao ukiwa dhaifu hati husafiri mfukoni, na kompyuta moja inayoendeshwa na jenereta hupokea flashi za mtaa mzima. Fundi akikwambia "tufomati tu", mshike mkono kwanza. Mara nyingi faili hazijafutwa, zimefichwa.

Haraka ya kufuta iliwahi kuwatia watu hasara kubwa kuliko kirusi chenyewe. Mwaka 1994 kilizuka One Half, kirusi chenye makazi mawili: ndani ya faili za programu, na kwenye sekta ya kwanza ya diski, ile ambayo kompyuta huisoma inapowashwa. Kila ulipowasha mashine kilifunga kwa msimbo kipande kingine cha diski, kikianzia mwishoni. Mwenye mashine hakuhisi kitu, maana kirusi kilikaa kwenye kumbukumbu na kumfungulia kila alichokiomba. Kisha anakuja fundi hodari, anaandika upya ile sekta ya kwanza, kirusi kinatoweka pamoja na ufunguo wake, na nyaraka zinabaki zimefungwa.

Aina hiyo yenye makazi mawili haikuanza na One Half. Ghostball, kilichotambuliwa na Friðrik Skúlason wa Iceland Oktoba 1989, ndicho cha kwanza kujulikana kwa kushambulia faili na sekta ya kuwashia kwa pamoja. Virusi vya namna hii vilichosha watu: unasafisha faili, sekta inaziambukiza tena. Dawa ilikuwa kuwasha mashine kwa disketi safi iliyozuiwa kuandikwa, ili kirusi kisipate nafasi ya kuamka kabla ya msako.

Utaratibu huo wa kuanzia mahali safi bado unafaa kwa flashi. Usibofye zile alama zenye mshale, kwa kuwa kubofya ndiko kunakoamsha kirusi. Tafuta kompyuta safi. Yenye Linux ni bora zaidi, kwani virusi hivi vimeandikwa kwa ajili ya Windows na folda zilizofichwa kwa kawaida huonekana humo bila taabu. Ukiwa na Windows pekee, na flashi imejitokeza kwa herufi E, fungua cmd, lile dirisha jeusi la amri, uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitarudi. Pengine utazikuta zote ndani ya folda moja isiyo na jina, usishtuke. Nakili hati na picha tu, ukiacha kila kinachoishia na .exe, .vbs, .js au .lnk. Fungua nakala mbili tatu uhakikishe zinasomeka. Hapo sasa fomati.

Mwenye duka naye ana kazi, tena kubwa kuliko ya mteja, kwa sababu mashine yake ikibaki chafu itawarudishia wote ugonjwa kesho asubuhi. Windows 10 na 11 zina msako wa Defender, kinga yao ya virusi, unaofanyika kabla mfumo haujaamka. Masasisho yake hupatikana kama faili moja: anayekwenda Goma anaweza kuipakua kwenye mtandao mzuri na kuirudisha kwa flashi safi. Mashine ya Windows XP isiyosasishwa tangu kabla ya Februari 2011 isipokee flashi ya mtu yeyote, maana huenda ikaendesha yaliyomo bila hata kubofywa.

Kama unakwenda kuchapisha tu, chukua kadi ya SD yenye kitufe cha kufunga ubavuni, ukisukume kabla ya kumpa mwenye duka. Kadi ndogo za simu hazina kitufe hicho, lakini adapta zake nyingi zinacho.