DAWA INAPIMWA KWANZA, MTU ANAMEZA NYUMA

Bwana mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani,

Mbele ya watu kuanza kazi chini ya ardhi, jiwe la juu linagongwa kwa baramini. Likilia vibaya, linaangushwa kwanza, ndipo watu wanapita. Dawa mpya nayo inagongwa vile vile. Dawa yenye kuua ugonjwa inaweza pia kuumiza maini, figo, moyo ao damu. Hatari hiyo inafaa ionekane mapema, dawa ingali ndani ya chupa ya labo.

Tuchukue mfano wa kwetu: ugonjwa wa usingizi, unaoletwa na inzi tse-tse. Toka mwaka 1949, mgonjwa ambaye ugonjwa ulikwisha kufika ubongoni alipigwa sindano za melarsoprol, dawa yenye arseniki. Iliponya wengi. Lakini katika wagonjwa 20 waliotibiwa, karibu mmoja alikufa kwa sababu ya dawa yenyewe.

Leo kuna vidonge vya feksinidazoli. Vilipitia ngazi hizi:

1. Mikrobi. Kipimo cha Mmarekani Bruce Ames, cha miaka ya 1970, kinaonyesha kama dawa inageuza urithi wa mikrobi. Dawa yenye kufanya hivyo inashukiwa kuleta kansa. Feksinidazoli iligeuza urithi huo. Dawa nyingi zinaachwa hapo.

2. Chembe za mwili. Watafiti hawakuitupa wala hawakufumba macho. Waliipima tena kwa chembe za damu ya mtu na kwa wanyama. Urithi haukuguswa. Sababu: ni mikrobi wenyewe walioichochea dawa ndani yao, chembe zetu hazifanyi vile.

3. Wanyama. Walipewa kipimo kidogo, kisha kikubwa, halafu viungo vyao vikachunguzwa.

4. Watu wachache wenye afya, Ufaransa, kuanzia mwaka 2009.

5. Wagonjwa, kwetu Congo na Afrika ya Kati, kuanzia mwaka 2012.

Mwezi wa Desemba 2018 Congo ilikubali dawa hiyo. Mgonjwa anameza siku 10, akiwa amekula. Hata hivyo inaweza kutapisha, kuumiza kichwa na kusumbua mwendo wa moyo. Kwa hiyo munganga anaendelea kumwangalia.

Ona faida: unga ulioachwa katika chupa haukumuumiza mtu. Lakini majaribio kwa watu mia chache hayawezi kuonyesha baya linalompata mtu mmoja katika 10 000. Hapo mchunguzi wa mwisho ni wewe. Basi shika haya:

– Ukimeza dawa yoyote, kisha macho yakawa manjano, mkojo ukawa mweusi, ngozi ikatoka vipele ao uso ukavimba, njoo dispanseri siku ile ile. Usingoje kesho.

– Leta kisanduku cha dawa. Jina na namba zake zinatusaidia kujua.

– Mbele ya kupewa dawa, sema kama una mimba, na taja dawa zote unazotumia, hata zile za mizizi. Hakuna atakayekugombeza.

– Usimeze dawa ya jirani, hata kama ugonjwa unafanana. Mwili wake si wako.

Ukiona alama ndogo, sema. Ikisemwa mapema, dawa inasimamishwa, na mara nyingi maini yanapona. Ikifichwa, tunaweza kuchelewa.