Pilipili ya Kuuzia Mwenye Viungo

Mpishi Paul Prudhomme alifungua mkahawa katika mji wa New Orleans, Marekani, mwaka 1979. Wateja walimwomba viungo vyake wakapikie kwao, naye akawapa kidogo kidogo bure. Mwaka 1983 akaanzisha kampuni ya viungo, na baadaye vikauzwa hata nchi za nje.

Mpishi wa namna hii huuza ladha ile ile kila siku. Gunia moja lenye ukungu laweza kumharibia jina, na hatarudi kwako tena.

Shida yetu Kitale na Bungoma ni kwamba pilipili nyingi huiva mvua ingali ikinyesha. Basi usianike chini, penye vumbi na kuku. Jenga kichanja cha kimo cha kiuno, tandika wavu, na juu yake weka paa la nailoni, upepo upite pembeni. Chuma zilizoiva nyekundu tu, umande ukiisha kukauka. Zilizooza zitupe, wala usizifiche katikati ya gunia, msagaji huziona.

Pilipili iliyokauka vema ukiitikisa mbegu hulia ndani, na ukiikunja huvunjika. Ikipindika tu, irudishe kichanjani, hata kama mnunuzi amesimama mlangoni. Sumukuvu haiondoki kwa kusagwa.

Kilo 4 au 5 za mbichi hutoa kama kilo 1 kavu. Patana bei ukilijua hilo, na kabla hujapanda.